Nani Ameshika Simu? Kamera za Usalama Ndani ya Nyumba na Faragha ya Wanaoishi Humo

Mwizi akiingia nyumbani kwa mtu hakai. Dakika chache zinamtosha, anabeba alichokifuata na kutoka. Kamera iliyofungwa sebuleni kwa ajili yake hufanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, na karibu muda wote huo wanaoonekana kwenye picha ni wenye nyumba wenyewe: mtoto anayecheza sakafuni, mfanyakazi wa ndani anayekunja nguo, mgeni aliyesinzia kwenye kochi, mume na mke wanaobishana kuhusu pesa wakidhani wako wawili.

Hilo haliifanyi kamera kuwa kitu kibaya. Kamera ya ndani inaweza kusaidia kumtambua mhalifu, kuonyesha mapema kwamba mzee ameanguka akiwa peke yake, au kumpa utulivu mzazi anayelazimika kumwacha mtoto na mtu asiyemjua vizuri. Ila swali linabadilika. Wauzaji huuliza kama unataka kuona kinachoendelea nyumbani kwako ukiwa mbali, na nani asingetaka? Swali zito zaidi ni nani ataona, ataona nini, atakaa nacho kwa muda gani, na waliomo ndani wamekubali au wamekuta tu kimefungwa.

Kinachofanya mjadala huu uzunguke bila kufika ni kwamba watu huchanganya hofu mbili. Ya kwanza ni ya mtu wa nje: mdukuzi, fundi, mfanyakazi wa kampuni iliyotengeneza kamera. Ya pili ni ya mtu wa ndani, yule mwenye akaunti kwenye simu yake, anayewaona wenzake bila wao kumwona. Ya kwanza ndiyo inayoandikwa magazetini, na ina dawa za kiufundi. Ya pili haina kitufe cha kubonyeza, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kupimwa kwanza. Hata hivyo tuanze na ile ya nje, kwa sababu bila kujua picha inapita wapi huwezi kujua nani anaweza kuiona.

Safari ya picha

Kamera ndogo za waifai zinazouzwa siku hizi ni kompyuta kamili. Lenzi inaleta mwanga kwenye sensa, kichakato kinaibana video iwe nyepesi, kisha video inapitia ruta kwenda kwenye intaneti. Usiku taa za infraredi, ambazo jicho la binadamu halizioni au linaona wekundu hafifu tu, huangaza chumba. Ndiyo maana video nyingi za usiku hazina rangi.

Kinachowapita wengi ni jinsi simu iliyo mbali inavyoipata video hiyo. Ruta ya nyumbani kwa kawaida haimruhusu mtu wa nje kuanzisha mawasiliano na kifaa kilicho ndani. Kwa hiyo kamera yenyewe ndiyo inayoanza: ikiwashwa tu inaunganika na seva ya kampuni na kubaki imeunganika. Simu yako nayo inaunganika na seva hiyo hiyo, zikakutana huko. Katika mifumo mingine seva inazitambulisha tu, kisha video inakwenda moja kwa moja kutoka kwenye kamera hadi kwenye simu. Katika mingine video yote inapita na kuhifadhiwa kwenye seva. Vyovyote vile, kati ya sebule yako na kiganja chako kuna kampuni, na mara nyingi iko nchi nyingine yenye sheria nyingine.

Hesabu ya hifadhi nayo inaeleza mengi. Video iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde hula gigabaiti 10.8 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 128 hujaa baada ya karibu siku 12, kisha kamera huanza kufuta video za zamani ili iandike mpya. Ndiyo sababu kamera nyingi, hasa zinazotumia betri, hazirekodi mfululizo. Zinaamka zinapohisi mwendo, zinachukua sekunde kadhaa, zinalala tena. Shika jambo hili. Lina balaa lake, na nitalifikia.

Kadi iliyo ndani ya kamera ina sifa ya kubaki nyumbani na ila ya kubebwa na mwizi pamoja na kamera. Mashine ya kurekodi iliyofungiwa kabatini inapunguza ila hiyo. Seva ya kampuni haiibiwi na mvunja mlango, lakini video zako zinakaa mikononi mwa mwingine, ambaye mahakama au polisi wanaweza kumtaka azitoe. Njia ya nne ni usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, ambapo video hufungwa ndani ya kamera na ufunguo hubaki kwenye simu zako tu. Baadhi ya kampuni zinao, ila inabidi uutafute mwenyewe kwenye mipangilio, na ukiuwasha baadhi ya huduma hukatika, kwa mfano seva kutambua kama aliyepita ni mtu au paka, maana seva haioni tena chochote.

Neno la kampuni peke yake halitoshi. Eufy, moja ya kampuni zinazouza kamera hizi, ilijitangaza kwamba video za wateja wake zinabaki nyumbani kwao. Novemba 2022 mtafiti wa usalama alionyesha kwamba picha ndogo zinazoambatana na arifa zilikuwa zikipanda kwenye seva, na mapema mwaka 2023 kampuni ikakubali kwamba video zilizoangaliwa kupitia tovuti yake hazikuwa zimesimbwa jinsi ilivyodai.

Wanaochungulia kutoka nje

Kudukua kamera ya nyumbani mara nyingi hakuhitaji ujuzi mkubwa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, jozi 60 hivi, zile za "admin" na "12345". Orodha hiyo ilitosha kukamata mamia ya maelfu ya kamera, ruta na mashine za kurekodi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo sehemu ya vifaa hivyo ilitumika kuilemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Kamera iliyokamatwa iliweza kushiriki shambulio hilo huku ikiendelea kumwonyesha mwenyewe sebule yake kama kawaida. Uingereza imepiga marufuku nywila za kiwandani za namna hiyo kwenye vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti tangu 29 Aprili 2024.

Njia ya pili ni nywila iliyovuja kwingine. Mtu anatumia nywila moja kwenye barua pepe, duka la mtandaoni na kamera. Duka linadukuliwa, orodha inauzwa, na wahuni wanaijaribu kila mahali. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, mtu asiyejulikana aliingia kwenye kamera ya Ring iliyofungwa chumbani kwa watoto na kuzungumza kupitia spika na msichana wa miaka 8, akimwambia kwamba yeye ni Santa Claus. Kamera hiyo ilikuwa na siku chache tu tangu ifungwe. Kampuni ilisema mifumo yake yenyewe haikuvunjwa, jambo ambalo sidhani liliwapoza wazazi.

Kisha kuna wale ambao mlango wamefunguliwa kwa kazi. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring ikidai kwamba wafanyakazi wake waliweza kuona video za faragha za wateja, na kwamba mmoja wao mwaka 2017 aliangalia maelfu ya video za wanawake zilizorekodiwa vyumbani na mabafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Huko Texas fundi mmoja wa kampuni ya ADT alikuwa anapofunga kamera anajiongeza kimyakimya kwenye akaunti ya mteja kwa barua pepe yake mwenyewe. Aliingia kwenye akaunti zaidi ya 200, zaidi ya mara 9,600, kwa muda wa miaka minne na nusu, akachagua nyumba za wanawake waliomvutia. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miezi 52. Hapakuwa na udukuzi wowote hapo. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watumiaji, na yeyote angeweza kuliona kama angefungua ukurasa huo.

Wakati mwingine ni hitilafu tupu. Februari 2024, baada ya huduma za Wyze, kampuni nyingine ya kamera, kukatika na kurudi, wateja 13,000 hivi walipokea picha ndogo kutoka kwenye kamera za watu wengine, na 1,504 kati yao wakazibonyeza. Na udukuzi wenyewe haujakoma: mwishoni mwa Novemba 2025 polisi wa Korea Kusini walitangaza kuwakamata watu wanne kwa tuhuma za kudukua kamera zaidi ya 120,000, zikiwemo za majumbani.

Dawa za upande huu zinajulikana, na ni kazi ya nusu saa. Nywila ndefu isiyotumika popote pengine. Uthibitisho wa hatua mbili, ili nywila peke yake isitoshe. Masasisho ya kamera yawe ya kujiendesha. Kamera iwekwe kwenye mtandao wa wageni, ule wa pembeni ambao ruta huutenga na vifaa vingine, mbali na kompyuta ya kazi. Na ule ukurasa wa watumiaji ufunguliwe leo, kisha tena kila baada ya muda, hasa kama kamera ilifungwa na fundi. Kamera isiyo na jina la mtengenezaji, isiyopokea sasisho lolote, nisingeiweka ndani ya nyumba hata ningepewa bure.

Mstari wa saa

Sasa tuje kwa mtu wa ndani. Fungua programu ya kamera ya aina yoyote. Juu kuna picha ya moja kwa moja. Chini yake kuna mstari wa saa wenye alama za rangi kila palipotokea mwendo. Unavuta kidole kurudi nyuma na siku nzima ya mtu inapita: saa moja na robo ameamka, saa mbili kasoro ametoka na kurudi, saa nane ameongea na simu dakika arobaini, saa kumi kuna mtu amekuja na hakukaa sana. Pengine aliyefunga kamera hakukusudia kumpeleleza mtu. Lakini mstari huo upo, na siku ya wivu au ya hasira kuna kidole kitakachouvuta.

Tazama pia jinsi akaunti inavyopangwa. Aliyefunga kamera mara ya kwanza ndiye msimamizi. Wengine huingia kwa mwaliko wake na hutoka kwa uamuzi wake. Yeye anapanga arifa, anachagua video za kuhifadhi na za kufuta, anawasha na kuzima maikrofoni. Kwenye kamera nyingi hata ile taa ndogo inayoonyesha kwamba inafanya kazi inaweza kuzimwa kutoka kwenye simu yake. Aliye sebuleni hana namna ya kujua kama kwa dakika hii anaangaliwa, kwa hiyo inambidi aishi kana kwamba anaangaliwa daima.

Na mtu anayeangaliwa hubadilika. Hupunguza sauti akizungumza na dada yake kwenye simu, hukwepa kulala mchana ingawa hajalala usiku, hula akiwa amesimama jikoni kwa sababu kule hakuna kamera. Nyumba ndipo mahali ambapo binadamu huvua sura anayoivaa kwa ajili ya watu wa nje. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 12, linataja faragha, familia na nyumba kwa pamoja. Tatizo ni kwamba waliolitunga walikuwa wakiilinda familia dhidi ya dola, na hapa mwenye kutazama ni mwanafamilia.

Kati ya wanandoa, kamera yenye msimamizi mmoja hugeuka haraka kuwa rungu. "Ulisema umetoka saa tatu, kamera inaonyesha saa tatu na nusu." Sentensi hiyo ikishatamkwa mara moja, kinachojadiliwa si wizi tena. Kama wote wawili ni watu wazima wa nyumba hiyo, wote wawe na uwezo kamili kwenye akaunti, wote waweze kuzima, na wote waone ni nani mwingine aliyealikwa. Mwenye kukataa hilo amejieleza vya kutosha.

Kuna hali ambayo ushauri huu haufai. Mtu anayeishi na mwenza mkatili anaweza kuhatarisha maisha yake akiichomoa kamera ghafla au akibadilisha nywila, kwa sababu mwenzake atapata arifa papo hapo na kujua kwamba mambo yamebadilika. Mtu wa namna hiyo atafute msaada kwanza kupitia simu ambayo mwenzake haigusi, akiwa mahali ambapo kamera haisikii, na mambo ya mipangilio yaje baadaye.

Sekunde ishirini za ushahidi

Nilisema kamera nyingi huamka zinapohisi mwendo. Chukua mfano wa yaya na mtoto wa miaka miwili. Mtoto amepanda kiti nje ya upeo wa kamera na anataka kutia kijiti kwenye soketi ya umeme. Yaya anapiga kelele, anakimbia, anamshika mkono na kumvuta kwa nguvu hadi katikati ya sebule. Hapo ndipo kamera inapoamka. Video inaanza na mwanamke anayemburuta mtoto anayelia, inakwenda sekunde 20, inakata. Mama aliye kazini anapata arifa, anaangalia, damu inamchemka. Dakika tano baadaye video iko kwenye kundi la familia, na jioni iko kwenye makundi ya watu wasiomjua yaya wala mtoto.

Video hiyo si ya uongo, lakini haina mwanzo wala mwisho. Haina sauti kama maikrofoni ilikuwa imezimwa, na imepigwa kutoka juu kwenye kona, mahali ambapo kila kitendo huonekana kikali kuliko kilivyo. Wanaosema "kamera haidanganyi" wangefikiria sekunde kumi zilizotangulia. Ukiiona video ya kukutia hofu, kwanza mhakikishie mtoto usalama, kisha itunze video nzima pamoja na zilizotangulia na zilizofuata, kisha sikiliza maelezo. Kama kuna dalili za ukatili, wa kupelekewa ni polisi au ustawi wa jamii. Kuitupa kwenye makundi hakumsaidii mtoto, ambaye naye sasa anaonekana kwa watu wasiojulikana akiwa na nguo za ndani, na kunaweza kukuingiza wewe kwenye kesi.

Mfanyakazi wa nyumbani ndiye asiye na nguvu ya kukataa. Mwenye nyumba akitoka kazini anakwenda kwake kupumzika, lakini yeye, kama anaishi hapo, kazini kwake ndiko anakolala. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema katika kifungu cha 6 kwamba wafanyakazi wanaoishi kwa mwajiri wawe na makazi yenye staha yanayoheshimu faragha yao. Mahali anapolala, anapooga na anapobadilishia nguo hapawekwi kamera, hata kama hapo anapolala ni kona ya chumba cha watoto. Ikiwa ni hivyo, kamera ya chumba hicho izimwe usiku au itolewe.

Vipi kuhusu kamera ya siri? Ninaelewa hofu ya mzazi. Visa vya watoto kuumizwa ni vya kweli. Lakini kamera ya siri haimzuii mtu kumpiga mtoto, inamrekodi akimpiga, nawe unaona jioni. Kinachozuia ni yeye kujua kwamba ipo. Mwambie kabla hajaanza kazi: ziko wapi, zinarekodi sauti au hapana, nani anaangalia, video zinakaa siku ngapi. Akikataa kazi kwa sababu hiyo, mmeokoana mapema. Na mzazi asiache kumsoma mtoto mwenyewe, alama mwilini, namna anavyompokea yaya asubuhi, kwa kuwa tu kuna kamera ukutani.

Watoto, wazee, wageni

Kamera ya kumwangalia mtoto mchanga akilala inaeleweka. Shida ni kwamba mara nyingi haitolewi. Mchanga anafikisha miaka mitatu, saba, kumi, na jicho liko pale pale juu ya kitanda. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto mwenyewe haki ya kutoingiliwa faragha yake kiholela. Ningependa kila kamera ya chumbani kwa mtoto ifungwe ikiwa na tarehe ya kutolewa. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayejua kwamba anaangaliwa kila saa hujifunza ustadi mmoja tu, wa kujificha.

Kwa mzee anayesahau au anayeanguka, ugumu ni kwamba wakati kamera inapohitajika ndio wakati uwezo wake wa kukubali unapopungua. Afadhali aulizwe mapema, akili yake ikiwa timamu, na jibu lake liheshimiwe hata baadaye. Pia watu huruka hatua moja: unataka kujua nini hasa? Kama ni kujua kwamba ameamka, sensa ya mwendo kwenye korido inatosha. Kama ni kujua kwamba ametoka nje usiku, sensa ya mlangoni inatosha. Kuna mikeka ya kitandani inayotoa ishara mtu asiporudi kulala, na vitufe vya kuvaa mkononi vya kuomba msaada. Vyote hivyo vinajibu swali bila kumpiga picha baba yako akivalishwa nepi.

Wageni wana haki ya kuambiwa, basi. Kampuni ya Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani katika nyumba zinazopangishwa kupitia kwake kuanzia 30 Aprili 2024, hata zile zilizotangazwa wazi. Kwa nyumba ya mtu binafsi, mgeni anayelala sebuleni aambiwe, na kamera igeuziwe ukutani.

Sauti ni jambo jingine

Maikrofoni haina ukuta. Kamera ya sebuleni haiioni jikoni, lakini inaisikia, na inasikia mlango wa jirani ukiwa wazi. Mwaka 2021 mahakama ya kaunti ya Oxford, Uingereza, iliamua kesi ya jirani aliyelalamikia kamera za mwenzake, na hakimu aliona kwamba kurekodi sauti kulikuwa na madhara makubwa hata kuliko picha, kwa kuwa vifaa vilinasa mazungumzo ya watu walio mbali na wasioonekana.

Sheria nazo hutenganisha. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, California likiwa mojawapo, kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ya wote wanaozungumza ni kosa la jinai. Kwa hiyo kamera ya sebuleni inayonasa maongezi ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja anayejua inaweza kumtia mwenye nyumba hatiani, ingawa picha peke yake isingemtia. Ukiniuliza, maikrofoni ya ndani izimwe tangu siku ya kwanza na iwashwe tu kwa sababu inayotajika. Iko kwenye mipangilio, kwa kawaida ikiwa na kitufe chake peke yake, na mara nyingi kamera hutoka dukani ikiwa imewashwa.

Sheria inakoishia mlangoni

Sheria nyingi za ulinzi wa data binafsi huiacha nyumba nje. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, haihusu mtu binafsi anayeshughulikia data kwa mambo yake ya nyumbani tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina msamaha kama huo. Maana yake ni kwamba mke, mtoto au mzee anayerekodiwa na mwanafamilia ana njia chache za kisheria kuliko mteja anayerekodiwa na benki. Wengi hudhani kinyume chake.

Msamaha huo una mipaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisikiliza kesi ya mwananchi wa Jamhuri ya Czech aliyefunga kamera baada ya madirisha yake kuvunjwa. Kamera ilisaidia hata kuwapata washukiwa, lakini ilikuwa ikirekodi pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Mahakama ikasema hilo si jambo la nyumbani tena. Na tangu mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo ilishaamua kwamba kuweka habari za watu kwenye intaneti, zikapatikana kwa yeyote, hakuhesabiwi kuwa shughuli ya nyumbani. Video ya yaya niliyoieleza juu ilikuwa ya nyumbani hadi iliporushwa mtandaoni. Mbali na hayo, sheria za jinai hazisiti mlangoni: kumrekodi mtu kwa siri akiwa chooni au akivua nguo ni kosa katika nchi nyingi, awe mgeni, mfanyakazi au ndugu.

Kabla ya kutoboa ukuta

Kama hofu ni mwizi, anza na milango. Kila anayeingia anapita mlangoni au dirishani, kwa hiyo kamera moja inayotazama mlango kutoka ndani, au iliyo nje, inamnasa bila kuwanasa wanaoketi. Ikishafungwa, kaa kwenye kochi, simama mlangoni mwa chumba, pita kwenye korido, huku mwenzako akiangalia picha kwenye simu. Lenzi pana za nyuzi 110 au 130 huona zaidi ya unavyodhani, na kioo cha kabati kinaweza kuonyesha chumba cha kulala ambacho kamera haikielekei kabisa. Nimeona picha ya kamera ya korido ambayo kitanda kizima kilionekana kwenye kioo cha meza ya kujipambia. Programu nyingi huruhusu kufunika kwa weusi sehemu ya picha; tumia hapo.

"Hali ya faragha" iliyo kwenye programu ni ahadi ya programu. Kifuniko cha lenzi kinachosukumwa kwa kidole ni bora zaidi, na kuchomoa waya kwenye umeme hakuna ubishi. Weka ratiba: kamera za ndani ziwake nyumba ikiwa tupu, zizimike mtu wa kwanza anaporudi. Muda wa kuhifadhi uwe mfupi kadiri inavyowezekana, siku chache kwa nyumba nyingi, kwa sababu wizi hugunduliwa haraka na video ya mwezi uliopita haina kazi nyingine zaidi ya kufukua magomvi.

Na siku kamera inapoondoka, au mtu anapoondoka, kazi haijaisha. Mwenza aliyehama, mfanyakazi aliyeacha kazi, fundi aliyekuja mara moja: toa kila jina kwenye akaunti, badilisha nywila, toka kwenye simu zote zilizoingia. Kadi ya kumbukumbu itolewe kabla kamera haijauzwa au kugawiwa, maana kufuta tu hakuondoi kila kitu. Kamera yenyewe irudishwe katika hali ya kiwandani na ifutwe kwenye akaunti ya zamani, hatua mbili tofauti ambazo wengi hufanya moja. Anayenunua iliyotumika afanye hivyo hivyo kwa upande wake, na hata hapo abaki na shaka kidogo: mwaka 2019 iligundulika kwamba waliouza kamera zao za Nest, waliokuwa wameziunganisha na kifaa cha kampuni nyingine, waliendelea kuona picha kutoka ndani ya nyumba za wanunuzi hata baada ya kamera kurudishwa hali ya kiwandani. Google, mmiliki wa Nest, ilirekebisha kasoro hiyo baada ya kuripotiwa.